Nataka kutoka Facebook, na wateja wangu wa madera je?

SWALI: Asalam aleikum dada. Mie nauza madera na leso hapa Majengo, wateja wengi nawapata Facebook na Instagram. Lakini nshachoka. Naingia kumjibu mteja mmoja, nikija kushtuka ni saa saba usiku naangalia harusi za watu na waume wa watu wanavyowapeleka out, nikizima simu nna hasira na mume wangu ambae maskini hajafanya kitu. Yeye asema nifute zote. Mamangu asema nikifuta nitajitenga na jamaa. Nifanyeje?
Muuza madera, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam mwenzangu, pole sana. Kwanza usijilaumu, hizo app zimetengenezwa hivo, unashuka tu picha zaja tu, hamna pale pa kukwambia basi zimeisha, kalale.

Mamako ana haki, ila hilo la jamaa liko WhatsApp, si Facebook. Huku kwetu mtu akifa asubuhi azikwa leo leo, tangazo laingia kwa grupu la ukoo, jeneza litatoka nyumbani baada ya Alasiri, sasa wewe ukija kuliona Isha watu washarudi makaburini, na hakuna atakaekupigia manake kila mtu ajua "si iliwekwa kwa grupu". Michango ya harusi hivo hivo. Mie naamini hii ndio sababu kubwa watu hawatoki mitandaoni, si kwamba wazipenda hizo app, ni kwamba watu wao wako humo. Kwa hivo grupu la ukoo usitoke. Na usiogope, Facebook ilinunua Instagram 2012 na WhatsApp 2014, mwenyewe ni mmoja lakini ukifunga moja nyengine hazifungiki.

Kuhusu kutoka kabisa, mwaka 2018 watafiti Marekani waliwalipa watu wazime Facebook wiki nne kabla ya uchaguzi. Waliokoa kama saa nzima kila siku, wakakaa zaidi na jamaa na marafiki, na raha ikazidi kidogo. Nasema kidogo, kwa hivo usitarajie ndoa ibadilike kwa kufuta app. Na habari za siasa ziliwapita.

Sasa biashara. Wengine watakwambia hamia WhatsApp uweke madera kwa status. Sawa, lakini status yako yaonwa na aliesevu namba yako na wewe umesevu yake, mteja mgeni wa Mtwapa hatakuona hata siku moja. Mie ningekushauri ubaki, ila utoe watu. Bakisha akaunti ya duka, halafu ufanye unfollow hao wote wa kuonesha harusi na sebule zao, hata ikiwa ni wifi yako, (huyo mpe mute, hatajua). Post mchana, jibu wateja mchana, usiku simu ilale sebuleni. Na kama lile duka la Facebook ni page, tafadhali usifute akaunti yako binafsi kabla hujamweka mtu mwengine awe admin, yaani msimamizi, manake page haina mlango mwengine, ikiwa admin ni wewe pekee ukaondoka, wateja wote umewapoteza.

Mumeo mkalishe umuoneshe meseji za M-Pesa za wateja, huenda hajui kiasi gani kinatoka huko. Na zile hasira za usiku mwambie pia zatoka wapi, kwani yeye akuona umenuna tu na hajui kosa lake.

SWALI: Nimezima Facebook lakini Messenger bado yafanya kazi na watu waniandikia. Kwani sijatoka?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Hujatoka kaka. Umezima, hukufuta, ndio maana Messenger bado yafanya kazi. Kuzima ni kujificha, siku yoyote ukiingia tena kila kitu kiko pale pale. Ukitaka kufuta kweli, nenda kwa settings uchague kufuta, watakupa siku 30 za kubadili nia, na baada ya hapo inaweza kuchukua hadi siku 90 vitu vyako vyote viondoke. Pakua picha zako kabla, hazirudi tena. Na zile meseji ulizowatumia watu zitabaki kwa inbox zao hata ukifuta.