Usimvue dume mkubwa bado

Dada wa Dunga, unasema ngege (tilapia) mmoja anawafukuza wenzake tangini, wawili wamekuwa weusi hadi machoni na hawali, na jirani amekushauri umvue huyo mkorofi. Subiri kwanza. Ukimtoa, wa pili atashika nafasi yake na fujo itaendelea.

Kwa samaki hawa, ugomvi na homoni husukumana. Dume akishinda, homoni zake za kiume hupanda na kumzidishia ari ya kulinda eneo. Kwa anayeshindwa hupanda kortisoli, homoni ya msongo. Ikikaa juu muda mrefu, samaki hukosa hamu ya kula, hudumaa na huugua upesi. Ule weusi wa macho ni alama ya mnyonge. Jamaa yao wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, dume wa cheo cha chini akipata nafasi hung'aa rangi ndani ya dakika chache tu, kisha korodani zake hukua. Ajabu zaidi, perege wa Msumbiji walipopigana na taswira zao kwenye kioo, homoni za kiume hazikupanda. Hakukuwa na mshindi!

Kwa hiyo watenge kwa ukubwa. Hao weusi waweke pembeni, kila mmoja peke yake, hadi wale tena. Chakula kitawanye tangi zima, maana ukimwaga kona moja mkubwa ataikalia. Kufuga madume matupu huzuia kuzaana, lakini vita vya cheo hubaki. Tafadhali anza na hao wawili leo.