Chubwi za risasi: nilichokikuta kwenye firigisi ya bata

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kweli chubwi za risasi, yaani vile vizito vya madini ya risasi tunavyofunga kwenye mshipi wa kuvulia, zina madhara au ni maneno tu ya watu wa mazingira, maana ikizama imezama. Umesema pia mjomba wako anazimimina mwenyewe miaka yote na yuko mzima. Nakujibu kama mtu aliyezimimina.

Nimekulia Bagamoyo, na mshipi nilifundishwa na baba mdogo kwenye mdomo wa mto Ruvu. Pale maji yakiwa yanatoka mkondo una nguvu. Bila chubwi nzito chambo kinapelekwa juu juu na samaki humpati. Za dukani zilikuwa na bei, basi tukawa tunaomba betri mbovu gereji. Tunamwaga maji yake vichakani, tunapasua boksi, mabamba tunayatia kwenye karai bovu juu ya mafiga. Risasi haitaki moto mkubwa, nyuzi 327 tu inakuwa maji, kuni za kawaida zinatosha. Ukoko wa juu tunaukwangua kwa kijiko na kuutupa hapo hapo, kisha tunamimina kwenye vishimo vya mchanga. Mchanga ukiwa na unyevu risasi inaruka. Kovu ninalo mkononi hadi leo.

Uani hapo hapo mama alikuwa anafuga bata. Bata hana meno, humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Matone yetu yaliyodondoka yalikuwa saizi ya choroko, na kwa bata yalikuwa vijiwe kama vingine. Wa kwanza alipokufa tulisema ni kideri. Wa pili alianza kunya kijani, mabawa yakamlegea, akakonda mpaka kifua kikawa kama mkuku wa mashua. Tulimchinja kabla hajafa, tukamla. Wa tatu nilimpasua mwenyewe. Ndani ya firigisi nilikuta vipande vinne vya risasi, vimesagika na vinang'aa kama vimepigwa msasa. Nilikaa navyo kiganjani nikijiuliza: hicho kilichopungua kwenye hivi vipande kimekwenda wapi? Kimekwenda kwenye damu yake. Na yule wa pili tulikuwa tumeshamla.

Huko Uingereza bata maji wa mto Thames walikufa kwa namna hiyo hiyo, wakiokota vichubwi vya wavuvi chini ya maji pamoja na kokoto. Mwaka 1987 ukapigwa marufuku uuzaji wa chubwi za risasi za kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35, na bata maji wakaanza kuongezeka tena. Angalia walichokatazwa: ni zile ndogo, zinazoingia kooni mwa ndege.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba chubwi yako ya robo kilo iliyonasa mwambani inaua bahari. Ile hufanya utando mweupe juu na kuyeyuka polepole sana. Kinachonitisha ni vile vidogo tunavyovibana kwenye mshipi, vinavyodondoka kwenye maji mafupi na kingo za mto ambako ndege wanachakura. Kuna na samaki anayekata mshipi akaondoka na ndoana na kichubwi chake. Akiliwa na mwari au korongo, vyote vinaingia tumboni mwa ndege. Na vile vichubwi tunavibana kwa nini? Kwa meno! Mimi nimefanya hivyo tangu nikiwa darasa la nne.

Mjomba wako kuwa mzima si ushahidi. Risasi hujificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mtu mzima anaweza kuibeba bila kujua. Mtoto ndiye inayemuumiza haraka, maana mwili wake hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na inakwenda kwenye ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliletewa mtaani kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Karai la mjomba ni kiwanda hicho hicho kwa udogo wake, bila hata bomba la moshi.

Siku hizi natumia nati za lori, plagi zilizokufa na vipande vya nondo. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo inabidi chubwi iwe kubwa zaidi, na mkondo unaisukuma mpaka inanasa. Huo ni usumbufu wa kweli, usiku wa bamvua nauona. Dawa yake naifunga kwa uzi mwembamba kuliko mshipi, ikinasa inakatika yenyewe na ndoana inarudi.

Za zamani usizitupe majini. Zangu zimo kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Mjomba naye, kama hataki kuacha leo, basi ahamishe karai mbali na watoto na kuku, na ukoko ule usibaki chini. Pale mafigani petu nilichimba udongo nikautoa, lakini mama mpaka leo bata wake amewahamishia upande wa pili wa nyumba na amewazungushia wavu.