Foleni za Maricopa na hesabu ya akiba

Ndugu, hoja yako kwamba kuunganisha vituo vya kupigia kura huokoa fedha za umma bila kumdhuru mtu inakanushwa na yaliyotokea katika Kaunti ya Maricopa, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako vituo vilipunguzwa kutoka takriban 200 mwaka 2012 hadi 60 katika uchaguzi wa mchujo wa urais wa Machi 22, 2016, kwa matumaini kwamba wengi wangepiga kura kwa posta. Baadhi ya watu walisimama kwenye foleni kwa muda wa hadi saa tano, na wa mwisho walipiga kura baada ya saa sita usiku. Hadi mwaka 2013, Arizona ilipaswa kupata idhini ya serikali kuu kabla ya mabadiliko ya namna hiyo, sharti lililokoma baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu. Kwa maoni yangu, gharama ile ilihamishiwa kwa kibarua anayelipwa kwa saa, na hilo ni dhuluma. Anayetaka kuunganisha vituo aongeze kwanza mashine, wahudumu na usafiri.