Kabla Hujaniuliza Kamera, Niambie Unamjua Fundi Gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Buswelu aliniandikia: "Kaka, na mimi nataka kupiga picha za kazi zinazopotea hapa kwetu. Nianze na kamera gani?" Ujumbe wa namna hii naupata sana tangu picha zangu za foleni ya kivuko cha Kigongo zianze kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na huwa najibu mstari mmoja nikaendelea na mambo yangu. Leo najibu kwa kirefu.

Kamera yoyote. Hata simu yako hiyo inatosha. Tuendelee.

Mimi nilianza na karabai, zile taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu. Mliozaliwa juzi hamkuona: usiku wa giza ukisimama Capri Point hapa Mwanza, ziwa lilikuwa linawaka kama mji wa pili. Zile zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, wakishajikusanya chini ya taa wanazungushiwa nyavu. Taa bado zipo, ila sasa ni za betri na sola. Mafuta ya taa yalipanda, hasa serikali ilipoongeza kodi yake mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa kuichanganya na mafuta ya taa, na taa za LED zikaja hazihitaji pampu wala kiberiti. Simlaumu mtu. Mvuvi hawezi kuchoma faida yake usiku kucha ili mimi nipate picha nzuri. Ila kila penye karabai palikuwa na fundi wake, na huyo fundi hakuna aliyemwuliza chochote.

Wa kwangu nilimpata Kirumba, si mbali na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akasema: "Ngosha, njoo mwezi ukiwa mkubwa." Basi. Kumbe mbalamwezi ikitoka dagaa hawajali taa tena, mitumbwi inapumzika, na ndipo matajiri wenye mitumbwi wanapoleta karabai zao kutengenezwa. Siku za giza, wakati ziwani watu wako kazini, fundi hana kazi. Hilo peke yake linatosha kuwa somo: kila kazi ina kalenda yake, na anayeijua ni mwenye kazi. Muulize yeye kabla hujapanga safari.

Nilirudi mwezi ulipojaa. Nikarudi mwezi uliofuata, na ule mwingine. Mara za mwanzo nilikaa tu kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, kamera ikiwa kwenye begi, nikitumwa maji na sigara. Ndiyo, nilitumwa, na umri huu. Nilipoanza kupiga alikuwa ameshaacha kukaa mkao wa picha ya kitambulisho.

Sasa angalia nilichokipata. Anafungua pampu, anatoa kile kipande cha ngozi kilichokauka, anakipaka mafuta kwa kidole gumba mpaka kinalainika, maana ngozi ikikauka haisukumi upepo. Anachukua sindano nyembamba, anazibua tundu mafuta yanapopitia. Anapampu, anazamisha tenki kwenye beseni la maji, anainama karibu kabisa kutafuta mapovu. Palipo na povu ndipo penye ufa. Mwisho anafunga kile kifuko cha kitambaa, anawasha, kinaungua kinakuwa majivu matupu, na majivu hayo hayo ndiyo yanayotoa mwanga mweupe. Ukikigusa kwa ncha ya kidole kimeanguka. Picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya uso wake pembeni ya beseni, akitafuta povu.

Picha hiyo ndiyo iliyonitoa. Na ndiyo iliyonitia donge.

Kuna taasisi, sitaitaja, iliichukua mtandaoni ikaiweka kwenye kalenda yake. Jina langu halimo. Jina la fundi halimo. Chini wameandika maneno ya kuhurumia "maisha magumu ya wananchi wa Kanda ya Ziwa". Mzee mwenyewe aliiona kwenye ukuta wa duka la dawa. Aliponipigia alikuwa anacheka, lakini cheko lile nalijua. "Hawa watu waliniuliza naingiza shilingi ngapi?" Mtu aliyesomesha watoto wake kwa karabai, amejenga, leo anatundikwa ukutani kama mfano wa dhiki! Niliwaandikia, nikawakumbusha kwamba picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mpaka leo kimya. Mwaka ule wa kalenda umeshapita, mimi bado nina hasira.

Kwa hiyo tangu siku hiyo sipandishi picha bila maelezo: jina la mtu kama ameridhia, jina la kazi, jina la kifaa alichoshika, mahali, mwaka. Maelezo yanaandikwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho utaandika "mzee akifanya kazi", na hayo ndiyo maandishi ya kalenda. Ridhaa nayo iombe kwa Kiswahili cha kueleweka, ueleze picha itakwenda wapi. Zamani tuliita adabu. Sasa kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome.

Kuhusu Kigongo sina mengi. Wote tulijua daraja linakuja, nguzo zilikuwa zinaonekana zinasimama majini mwaka baada ya mwaka. Kwenye foleni ya kivuko palikuwa na watu waliokula kwa sababu sisi tulisubiri: samaki wa kukaanga, mahindi, mayai, maji baridi, wanakimbia na beseni dirisha hadi dirisha. Daraja lilipozinduliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 zinavukwa kwa dakika chache, kamera zote zikaelekea darajani, na sawa, daraja ni zuri, mimi mwenyewe nalipita kwa furaha. Lakini picha za foleni nilikuwa nimeshazipiga wakati wenzangu wananiuliza nafuata nini kule. Leo wananipigia kuziomba. Bure!

Na hapa niseme nanyi vijana. Mnapenda sana sura iliyokunjamana na mikono yenye sugu, rangi inageuzwa nyeusi na nyeupe, imekwisha. Sebastião Salgado, yule Mbrazili aliyepiga machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada mwaka 1986, alisomea uchumi kabla ya kushika kamera. Alijua kuuliza mzigo unabebwa na nani na faida inakwenda kwa nani. Ninyi mnauliza lensi.

Rudi. Ukishapiga, rudi na picha iliyochapishwa, mpe. Halafu rudi tena bila kamera. Kijana wa Buswelu, uko Ilemela hapo hapo: mwezi ukikaribia kujaa panda gari uende Igombe au Kayenze, uliza mafundi wa mitumbwi ya mbao, kaa. Usianze na picha, anza kuuliza mbao inatoka wapi siku hizi na inauzwaje, kisha uniandikie walichokujibu. Hilo swali la kamera usiniletee tena.