Kutoka Solfa hadi Mistari Mitano: Kujiandaa kwa Usaili wa Muziki Chuoni

Vijana wengi waliolelewa katika kwaya za makanisa na za shule hapa Kisumu, Vihiga na Kakamega wana masikio makali kuliko wanavyojua wenyewe. Mwambie mmoja wao aimbe besi ya wimbo aliofunzwa miaka iliyopita, naye ataianza bila kusita. Kinachomkwamisha mbele ya jopo la usaili ni karatasi yenye mistari mitano anayopewa ili asome wimbo asioujua, kwa kuwa maisha yake yote amesoma solfa, yaani wimbo ulioandikwa kwa majina ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti. Nimewaandaa vijana wa namna hii kwa muda mrefu, na naona wengi hutumia karibu muda wote kuupamba wimbo ambao tayari wanauimba vizuri, ilhali kusoma papo hapo wanakuachia bahati.

Solfa ni mtaji mkubwa, nami sikubaliani na walimu wanaomtaka mwanafunzi aisahau ili aanze upya. Tazama alama zilizo mwanzoni mwa mistari. Zikiwa ni shapu (♯, alama ya kupandisha sauti nusu hatua), ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo ti, kwa hiyo do iko nusu hatua juu yake. Zikiwa ni flati (♭, alama ya kuishusha nusu hatua), ya mwisho ndiyo fa, nawe utashuka fa, mi, re, mpaka uifikie do. Pasipo na alama yoyote, do ni C. Penye shapu mbili, kwa mfano, ya mwisho ni C shapu, hiyo ndiyo ti, basi do ni D. Wimbo ukitulia na kumalizikia kwenye la badala ya do, ujue uko katika maina (minor). Ukishaipata do, hesabu mapigo kwa mkono kabla ya kutoa sauti, kisha uimbe polepole bila kusimama hata ukikosa noti, kwa sababu wasaili husikiliza kama unaushika mwendo na kama unaweza kujirudi baada ya kuteleza.

Kwa mazoezi ya kila siku, chukua kitabu cha nyimbo za kanisa kilichochapishwa kwa noti, uimbe mstari wa alto au wa tenori. Wa soprano unaujua kwa moyo, na utajidanganya kwamba unasoma.

Kuhusu nyimbo za kuandaa, masharti ya vyuo hutofautiana, kwa hiyo anayeomba Maseno, Kabarak au Kenyatta aulize idara husika mapema. Palipo na hiari, chagua mbili zinazotofautiana kwa mwendo na hisia, zilizo ndani ya uwezo wa sauti yako ya leo. Sauti ya kwaya imezoea kujificha kati ya wenzake na kuvuta pumzi kwa zamu. Ukiimba peke yako, kila pumzi inasikika, na ni lazima uiwekee alama kwenye karatasi. Mpiga piano naye apewe nakala iliyo katika do ile ile utakayoimbia.

Anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, asiiache nyumbani eti kwa sababu anakwenda chuo kikuu. Aulize kwanza kama idara inaipokea kuwa ala yake kuu. Kuimba huku vidole viko kwenye nyuzi nane, gara, yaani njuga, zinalia mguuni na oduong'o, pete ya chuma ya kidole cha mguu, inagonga ala ni ushahidi wa umahiri wa midundo ambao wapiga piano wengi hawana. Afike mapema, kwa kuwa ngozi hulegea penye unyevu na nyuzi hupoteza sauti zake safarini, na awe tayari kueleza jinsi anavyozipatanisha.

Wanaoomba kusomea tamthilia za muziki Marekani hutakiwa mara nyingi kutuma video kwanza, yenye vipande vifupi vya nyimbo mbili zinazotofautiana na maneno ya mhusika mmoja ya kuigiza. Rekodi asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri kuanza kupiga mabati, na kila wimbo uchukuliwe mfululizo bila kuunganisha vipande.

Swali la kwa nini unataka kusomea muziki halikosekani. Anayejibu kwamba anaupenda tangu utotoni hawaachii wasaili la kuendelea kumuuliza. Taja kazi uliyofanya: uliwafunza alto wa kwaya yenu, uliupangia sauti nne wimbo wa nyanya yako, au uliongoza kundi la isukuti, ngoma za Waluhya, katika tamasha la muziki la shule, kisha useme ni ujuzi gani uliokupungukia katika kazi hiyo, na ni somo gani la chuo hicho linaloufundisha. Lifanyie mazoezi jibu hilo kwa sauti, na kwa Kiingereza pia, kwa kuwa ndiyo lugha ya usaili katika vyuo vyetu.