Picha ya bosi inakaa wapi? Kwa mnaoanza kazi ya mifumo na sauti Dodoma

Kila msimu wa fildi wanakuja vijana kutoka vyuoni, kompyuta mpakato mgongoni, wengine wanajua kuandika programu kunizidi. Hilo siwafundishi. Ninachowaambia ni kwamba kutengeneza tovuti, sauti au mchezo wa simu ni kuamua nani apite mbele na nani asubiri. Usipokaa ukaliamua hilo, mwenye cheo atakuwa ameshaliamua, na wewe utakuwa umemshikia kalamu tu.

Tuanze na tovuti, maana ndiyo mtakayopewa kwanza. Fungua za ofisi tano, sita, za umma na za binafsi. Juu kabisa kuna picha kubwa zinazopishana: bosi anakata utepe, bosi anapokea mgeni, bosi kavaa kofia ngumu anaonyeshwa kitu kwa kidole. Pembeni kuna neno lake la ukaribisho ambalo sijawahi kukutana na mtu aliyelisoma. Halafu menyu: Kurugenzi, Idara, Vitengo. Mwananchi aliyetoka Bahi anatafuta fomu moja na ada yake. Hajui fomu hiyo iko chini ya idara gani, na hana sababu ya kujua.

Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika kwamba taasisi ikibuni mfumo, mfumo utafuata jinsi watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli tupu. Mkikuta fomu ileile imewekwa sehemu mbili, kila moja na tarehe yake, jueni kuna vitengo viwili pale ndani visivyosalimiana.

Sasa, usiende kumwambia mkurugenzi aondoe picha yake. Hutashinda, na bado anatakiwa akusainie kitabu cha fildi. Nenda mapokezi. Mama anayekaa pale anajua watu wanauliza nini tangu mlango unapofunguliwa asubuhi. Mwombe akuandikie maswali yao kwa wiki nzima, kisha peleka karatasi hiyo kwenye kikao kama ilivyo, na mwandiko wake. Bosi atabishana na kijana wa chuo mpaka jioni, lakini si rahisi kubishana na orodha ya watu waliosimama mlangoni kwake. Picha ibaki, ishuke chini kidogo, na uipunguze uzito. Picha iliyotoka kwenye kamera na kupandishwa hivyohivyo inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, na anayeilipia kwa bando lake ni yule aliyekuja kutafuta fomu.

Jambo la pili mtajifunzia steshenari, hamtalipata darasani. Kaa nusu siku kwenye steshenari yoyote karibu na stendi au pale Majengo. Utaona waombaji wa mikopo, wa ajira, wa vyeti, wamekaa kwenye benchi na bahasha mikononi. Wengi hawagusi kompyuta. Anayejaza ni kijana wa steshenari, kwa haraka, huku anatoa kopi za mtu mwingine. Mfumo unadai barua pepe. Mteja hana, kijana anamfungulia hapohapo. Unadai nywila yenye herufi kubwa, namba na alama. Kijana anatunga moja anayowapa wote, anaiandika kwenye daftari lake la kaunta. Miezi ikipita mteja anataka kubadilisha namba ya simu, inabidi arudi kwa yuleyule, alipe tena, na aombe Mungu daftari lisiwe limepotea. Waliobuni mfumo walimfikiria mtu mmoja, na simu yake, na barua pepe yake, amekaa peke yake mahali tulivu. Kwa kufikiria hivyo wamempa mwenye steshenari ufunguo wa maisha ya watu ambao hata majina yao hayakumbuki. Simlaumu, anatafuta riziki, na bila yeye wengi wasingeomba chochote.

Kwa hiyo unapobuni fomu, jaza wewe mwenyewe kwa niaba ya mtu mwingine na uone inakwama wapi. Ruhusu namba ya simu peke yake. Ruhusu kuhifadhi nusu na kuendelea kesho. Weka toleo la menyu ya kitochi, ile ya kubonyeza nyota na namba, kama mteja wako anamudu gharama zake, na humo weka kinachohitajika zaidi kwenye namba 1, maana ukurasa mmoja wa menyu hizo haubebi hata herufi 200, na ukichelewa kujibu inakukatia. Rangi ya maandishi iwe nzito. Kijivu kwenye nyeupe kinapendeza ofisini chini ya kiyoyozi. Kitoe nje kwenye jua la Dodoma saa saba mchana uone kama kinasomeka. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote unataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Kupima ni bure, hakuna udhuru.

Na lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, linalokuonyesha vipande vya picha uchague mabomba ya zimamoto ya pembeni mwa barabara? Yale mabomba mafupi ni ya mitaa ya Marekani. Bibi wa Chamwino anashindwa mtihani wa ubinadamu kwa sababu hajawahi kupita mtaa wa watu wengine. Zipo njia nyingine za kuzuia roboti, zitafuteni.

Sauti ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiko nguvu hujificha vizuri zaidi, kwa kuwa haionekani.

Mkoa huu ni wa Wagogo. Uzi wa zeze ukitetema hutoa sauti ya msingi, na juu yake nyingine nyembamba zenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi, na kuendelea. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili, hasa kuanzia ya 4 mpaka ya 9. Ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, inapangwa sauti zake kuzifuata, na waimbaji vilevile. Sasa ile ya 7 haipo kwenye kinanda. Kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi jirani yake ni senti 100, senti hapa ikiwa kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti, na sauti hiyo imekaa kama senti 31 chini ya kitufe kilicho karibu nayo zaidi. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na sauti hiyohiyo na watu wakakaa kimya kumsikiliza. Mlete kikongwe anayeimba vile kwenye studio ya leo, kijana atawasha Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti iliyotoka mwaka 1997, na kabla bibi hajamaliza ubeti mashine imeshamsogeza kwenye kitufe. Kijana atakwambia, kwa nia njema kabisa, “nimemnyoosha kidogo, alikuwa anatoka nje.” Nje ya wapi? Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba Wagogo wanakosea. Kuna mizani ya sauti iliyowekwa tayari na watengenezaji, na watumiaji hatuigusi.

Programu nyingi za muziki zina mahali pa kubadilisha mizani hiyo, pamefichwa tu ndani. Patafute kabla ya kumwita msanii. Ukishindwa, zima marekebisho yote na urekodi alivyo. Ala ipigwe kwanza, kinanda kifuate kama ni lazima kiwepo.

Kwa mtakaorekodi sauti za kupokelea simu: laini ya kawaida ya simu hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400 tu. Sehemu kubwa ya “s” na “f” iko juu ya hapo, na kwa wanawake na watoto iko juu zaidi, kwa hiyo wao ndio wanaopoteza mengi. Usihukumu sauti ya dada kwa spika za studio halafu useme kwenye simu haina uzito. Ipige kwenye simu, isikilize, panga maneno upya. Angalia pia umempa nani maneno gani. Nasikia mara nyingi sauti ya kike ikisema samahani na tafadhali subiri, na ya kiume ikitoa onyo na tarehe ya mwisho. Badilisheni siku moja muone nani atashtuka kwenye kikao.

Michezo nitaigusa kidogo. Mwaka 1904 Elizabeth Magie wa Marekani alisajili mchezo wa ubao wa kuonyesha jinsi kodi anayolipwa mwenye ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500, na sifa za kubuni Monopoly, mchezo wa kununua na kukodisha viwanja uliotokana na wake, zikaenda kwa mwanamume mwingine, Charles Darrow. Onyo lake likafutika, raha ya kuwafilisi wenzako ikabaki. Nawataja kwa sababu hapa kila mwanafunzi wa pili anayetaka kutengeneza mchezo wa simu ananiletea wazo la kununua viwanja. Ni haki yake. Mji umekuwa na habari ya viwanja tangu ulipoteuliwa makao makuu mwaka 1973, na serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 habari ikazidi. Namuuliza tu: mwenye shamba la Nzuguni lililopimwa yuko wapi kwenye mchezo wako? Mara nyingi hayupo. Kuna mnunuzi, kuna dalali, kuna bei inayopanda. Mweke awe mchezaji, mpe zamu yake ya kukataa, halafu cheza uone bei inafanya nini.