Vikokotoo viwili, majibu mawili: nipimeje hewa ukaa yangu?

Swali: Nimejaza takwimu zilezile kwenye vikokotoo viwili vya mtandaoni: petroli lita 20 kwa wiki, umeme uniti 150 kwa mwezi, gesi ya kupikia kilo 6 kwa mwezi. Kimoja kinasema natoa tani 2.8 za hewa ukaa kwa mwaka, kingine tani 4.2. Nifuate kipi, na nianze kupunguza wapi? Taa zote nimeshabadilisha, na chaja za simu nachomoa.

Jibu: Weka vikokotoo kando kwanza, tupige hesabu kwa mkono.

Petroli haina ubishi. Lita 1 ina uzito wa gramu 740 hivi, na takriban gramu 640 kati ya hizo ni kaboni. Inapoungua, kila atomu ya kaboni hushika atomu mbili za oksijeni kutoka hewani, hivyo uzito hupanda mara 3.67. Ndiyo maana lita isiyofika hata kilo moja hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita zako 1,040 za mwaka ni kilo 2,390 hivi. Dizeli ingekuwa kilo 2.7 kwa lita. Gesi ya mtungi hutoa kilo 3 kwa kila kilo inayoungua, kwa hiyo yako ni kilo 216 kwa mwaka.

Tofauti yote iko kwenye umeme. Uniti 1,800 zikitoka kwenye gridi inayotegemea zaidi maji, upepo au jotoardhi, kwa makadirio ya kilo 0.1 kwa uniti, ni kilo 180 tu. Zikitoka kwenye gridi ya makaa ya mawe, kwa kilo 0.9, ni kilo 1,620. Jumlisha kila upande utapata tani 2.8 na tani 4.2 zako. Fuata kile kinachokuuliza umeme wako unazalishwa na nini. Angalia pia kama mita ni ya nyumba nzima: mkiwa wanne, umeme na gesi vigawanye kwa nne. Na ukikuta jibu limeandikwa "kaboni" badala ya hewa ukaa, zidisha kwa 3.67 kabla ya kulinganisha.

Sasa kupunguza. Kuchomoa chaja ni sawa, lakini usitegemee makubwa: chaja isiyo na simu hula chini ya wati 1. Kwako mzigo ni gari. Ukipunguza lita 5 kwa wiki, kwa kuunganisha safari au kupanda basi siku mbili, umeondoa karibu kilo 600 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili na nusu ya gesi yako yote ya jikoni. Upepo wa matairi upime yakiwa baridi; tairi lenye upepo mdogo hula mafuta, ingawa hapo utaokoa asilimia chache tu.

Ndani ya nyumba, tafuta kinachopasha au kupoza. Kupandisha joto la lita 40 za maji kwa nyuzi 20 hula karibu uniti 0.93. Taa ya LED ya wati 10 itawaka zaidi ya saa 90 kabla ya kufikia hapo. Basi punguza kwanza maji ya moto.

Kuna jambo ambalo vikokotoo vingi havikuulizi, nalo linaniuma kuliko yote: gesi ya kiyoyozi. R-410A, mojawapo ya gesi hizo, hupasha dunia takriban mara 2,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ikipimwa kwa miaka 100. Fundi akifungua bomba na kuachia kilo 1 hewani, ni kama tani 2, karibu sawa na petroli yako ya mwaka mzima. Mwambie mapema aivute kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Kiyoyozi kikihitaji kuongezwa gesi kila msimu, kinavuja. Tundu lizibwe kwanza ndipo gesi iongezwe.

Hesabu hii haijagusa nyama ya ng'ombe, bidhaa unazonunua wala ndege. Safari moja ndefu ya ndege, kwenda na kurudi, inaweza kuzidi tani 1 kwa abiria, kwa hiyo iandike kivyake. Mengine soma mwenyewe: mita tarehe ileile kila mwezi, na lita kutoka kwenye risiti za mafuta, si kwa kukisia.